Kutoka Kiwandani, Lyon 1895: tangazo lisiloonyesha bidhaa

Historia nyingi za sinema huanza na filamu ya sekunde 50 hivi, La Sortie de l'usine Lumière à Lyon: wafanyakazi wakitoka katika kiwanda cha familia ya Lumière mjini Lyon, Ufaransa. Imezoeleka kuiita filamu ya kwanza ya maisha halisi. Kamera iliwekwa, watu wakapita, dunia ikaonekana. Nimeitazama mara nyingi, na kila ninavyoitazama ndivyo ninavyoamini kwamba maelezo hayo yanaipunja. Ilitengenezwa na wenye kiwanda, ikapigwa mbele ya lango lao, ikaonyeshwa kwa mara ya kwanza kwa watu wa viwanda na sayansi, na jina la kampuni limo katika jina la filamu. Hilo ni tangazo. Tena ni mojawapo ya matangazo yaliyotungwa kwa ustadi mkubwa kuliko yote ninayoyajua, maana lilifanikiwa kuuza kitu ambacho halikukionyesha.

Kampuni na biashara yake

Antoine Lumière alikuwa mchoraji na mpiga picha wa studio aliyehamia Lyon na familia yake mwaka 1870. Utajiri haukutoka studioni. Ulitoka kwenye vioo. Enzi hizo picha ilipigwa juu ya kioo kilichopakwa kemikali inayohisi mwanga, na kwa miaka mingi mpiga picha alilazimika kukipaka mwenyewe, papo hapo, na kukitumia kabla hakijakauka. Kisha vikaja vioo vikavu vya jelatini, ambavyo mtu angeweza kuvinunua vikiwa tayari kwenye boksi na kuvitumia siku anayotaka. Mwaka 1881 mwanawe Louis, akiwa kijana wa miaka 17, alipata mchanganyiko uliohisi mwanga kwa kasi kubwa. Vioo hivyo viliuzwa kwa jina la Étiquette bleue, yaani lebo ya buluu, na ndivyo vilivyoipatia familia kiwanda kikubwa kitongojini Monplaisir. Kufikia katikati ya miaka ya 1890 kiwanda kilikuwa na wafanyakazi wapatao 300, wengi wao wanawake.

Hapa kuna jambo ambalo wachambuzi wengi hulipita haraka, nami naona ndilo ufunguo wa kisa chote. Kazi ya kiwanda hicho ilifanyika gizani. Kioo kilichokwisha kupakwa kemikali kikiguswa na mwanga wa kawaida kimeharibika. Vyumba muhimu kuliko vyote, vya kupaka, kukausha, kukata na kufungasha, vilikuwa na giza au taa nyekundu hafifu. Sasa fikiria mwenye kiwanda anayetaka kukitangaza kwa picha zinazotembea, akiwa na kamera inayohitaji jua kali ili ifanye kazi. Hawezi kuingia nayo ndani. Akifungua dirisha ili apate mwanga wa kupigia, anateketeza mali yake mwenyewe. Kazi yenyewe haipigiki.

Kilichobaki ni lango.

Mashine iliyotokana na cherehani

Mwaka 1894 mashine ya Thomas Edison, Kinetoscope, ilikuwa imefika Paris. Ilikuwa sanduku: mtu mmoja anainama, anachungulia tunduni, anaona picha zikicheza. Akina Lumière walitaka picha itoke sandukuni ikae ukutani, ionwe na ukumbi mzima kwa wakati mmoja. Tatizo la kiufundi lilikuwa kuusogeza mkanda kwa vituo: kila picha isimame kidogo mbele ya lenzi, kisha isogee, kisha nyingine isimame. Kwa maelezo ya Louis mwenyewe, jibu alilipata usiku mmoja alipokosa usingizi, akikumbuka namna cherehani inavyosukuma kitambaa, kinasimama sindano inapopita, kinasogea inapoinuka. Wakatengeneza kucha mbili ndogo zinazoingia kwenye matundu ya mkanda, zinauvuta, zinatoka, zinarudi juu. Ombi la hataza ya mashine hiyo, waliyoiita Cinématographe, liliwasilishwa tarehe 13 Februari 1895.

Mashine hiyo moja ilipiga picha, ikachapa nakala, na ikaonyesha ukutani. Ilibebeka mkononi, wakati kamera ya Edison ilikuwa mzigo wa kukaa studioni. Ilizungushwa kwa mkono, mizunguko miwili kwa sekunde, nayo ilitoa takriban picha 16 kila sekunde. Ilimeza mkanda wa mita 17 hivi, sawa na sekunde 50 au pungufu. Kipimo hicho ndicho kilichoamua umbo la filamu. Hapakuwa na kukata wala kuunganisha. Ulikuwa na mkanda mmoja, na chochote ulichotaka kusema kilipaswa kuanza na kumalizika humo.

Ukumbi wa kwanza

Tarehe 22 Machi 1895, Louis Lumière alisimama jijini Paris mbele ya Société d'Encouragement pour l'Industrie Nationale, jumuiya ya kuhimiza viwanda vya taifa, yenye makao yake mtaa wa Rennes. Alikuja kuzungumzia sekta ya upigaji picha, pamoja na majaribio ya picha za rangi yaliyokuwa yakimshughulisha sana. Filamu ya kiwandani ndiyo pekee iliyoonyeshwa siku hiyo. Ilikuja kama nyongeza ya mhadhara. Kwa kumbukumbu ya Louis mwenyewe, nyongeza hiyo iliufunika mhadhara: watu walivutiwa zaidi na picha zilizotembea kuliko rangi alizodhani ndizo zingewashangaza.

Waliokaa ukumbini ni wanasayansi, wahandisi na wenye viwanda, na hadhira hiyo ndiyo inayoeleza kwa nini mada ilichaguliwa. Ukiwa mbele ya watu kama hao, ukiwaonyesha mtoto akilishwa uji watatabasamu na kusahau. Ukiwaonyesha watu wengi wakitoka kazini kwako, wamevaa vizuri, wakienda kwa mwendo wa kasi, wanaelewa mara moja: hapa kuna biashara kubwa, ina watu, ina utaratibu. Mmoja wa waliokuwapo alikuwa mhandisi Jules Carpentier, aliyekuwa na karakana ya vyombo vya kisasa Paris. Alikwenda kwa akina Lumière, na ni yeye aliyekuja kuziunda mashine za Cinématographe kwa wingi. Kama unataka kupima tangazo kwa matokeo, anza hapo: onyesho moja lilileta mtengenezaji aliyeifanya mashine iweze kwenda duniani.

Ndani ya fremu

Kamera iko ng'ambo ya barabara, imesimama, haigeuki. Mbele yake kuna ukuta wenye milango miwili: mlango mdogo upande wa kushoto, na lango kubwa linaloonyesha banda la ndani na boriti za paa lake. Nje kuna jua. Ndani kuna kivuli kizito. Wanawake wanaanza kutoka, sketi ndefu, kofia pana, baadhi bado na aproni kiunoni, wakichomoza kutoka kwenye kivuli na kuingia kwenye mwanga, na kila mmoja kwa sekunde moja hivi anakuwa mtu kamili kabla hajageuka kushoto au kulia na kutoweka pembeni.

Hiyo ya kugeuka ndiyo iliyonifunza mengi. Takriban hakuna anayeendelea moja kwa moja kuifuata kamera, na wengi hawaitazami. Watu mia na zaidi wanakutana na chombo ambacho hakuna aliyewahi kukiona, bosi wao amesimama nyuma yake, na hawageuzi macho? Haiwezekani pasipo maelekezo. Waliambiwa wapite wapi na waangalie wapi. Na kwa kuambiwa hivyo wameigawa fremu katika mikondo miwili inayofunguka kama feni, kiasi kwamba katikati hapajazibwa kamwe, na jicho la mtazamaji linaendelea kuona kina cha banda na watu wapya wanaokuja. Mpiga picha wa miaka ya leo angehitaji msaidizi wa kupanga umati ili apate hicho.

Kisha kuna vitu vidogo. Mbwa mkubwa anazungukazunguka miguuni mwa watu, hakuelekezwa na mtu. Wanaume wanatoka na baiskeli, na baiskeli zinalazimisha watu kupishana. Mwanamke mmoja anamvuta mwenzake sketi kwa utani, kisha wanaachana, na yule aliyevutwa hana nafasi ya kulipiza mbele ya kamera. Tukio hilo linapita upesi, usipolisubiri hulioni. Kwangu lina uzito kuliko umati wote, kwa kuwa linaonyesha kwamba mpangilio wa Lumière uliacha nafasi ya watu kuwa watu. Tangazo la kampuni linalokubali utani wa wafanyakazi libaki ndani yake linaaminika. Watazamaji wa 1895 hawakuhitaji kuambiwa kwamba mashine ile inanasa uhai wenyewe. Waliona kidole kikishika kitambaa.

Jina la kampuni halisomeki popote ndani ya picha. Hakuna boksi la vioo, hakuna lebo ya buluu, hakuna bango. Matangazo mengi ya kampuni siku hizi hayawezi kuvumilia sekunde tatu bila nembo, na hapa kampuni iliyokuwa na nembo inayojulikana kwa wapiga picha wa Ulaya iliamua kutoiweka. Naamini haikuihitaji. Bidhaa ya akina Lumière ilikuwa picha: kemikali inayokamata mwanga kwa kasi na kwa usafi. Kila nukta iliyong'aa juu ya pazia lile ilikuwa sampuli ya ujuzi wao. Mtengenezaji wa sabuni hana budi kuonyesha sabuni. Hawa, kwa kuonyesha chochote kile kwa uwazi namna ile, walikuwa wameshajionyesha.

Nakala tatu

Zipo filamu tatu zenye jina hili, na wataalamu huzitofautisha kwa farasi: ya farasi mmoja, ya farasi wawili, na isiyo na farasi. Katika mbili za kwanza gari la farasi linatoka mwishoni, baada ya watu. Mazingira ni yale yale, lango ni lile lile, nguo na mwanga vinabadilika.

Ukweli kwamba walirudia unatosha kuizima hoja kwamba kamera ilikuta tu mambo yakitokea. Na ukizilinganisha unaona walichokuwa wakikitafuta. Mwongozaji wa filamu Bertrand Tavernier, aliyekuwa rais wa Institut Lumière, taasisi ya sinema ya Lyon, alilieleza vizuri: shida ilikuwa kulifungua na kulifunga lango ndani ya mkanda mmoja. Mkanda uliisha kabla watu hawajakwisha. Katika nakala isiyo na farasi walifaulu: lango linafunguka, watu wote wanatoka kwa mwendo wa haraka kuliko watu wanaotoka kazini kwa kawaida, na milango inaanza kufungwa. Kuna mwanzo, kati na mwisho. Gari la farasi, ambalo lingempendeza mwenye kiwanda aliyetaka kuonyesha ukwasi, liliondolewa. Huo ni uhariri, ingawa hakuna mkasi uliogusa mkanda. Waliuhariri umati.

Waliofichwa nao ni sehemu ya uhariri huo. Hatumwoni Antoine, hatuwaoni wanawe Auguste na Louis. Hatuoni msimamizi. Hatujui mishahara, hatujui harufu ya kemikali, hatujui macho yaliyozoea giza yanapata taabu gani yanapokutana na jua. Filamu haimtaji hata mmoja kati ya watu wanaopita. Wametumika kuitangaza kampuni, kwa miili yao, na mchambuzi mwaminifu hawezi kuusifu usanii wa filamu hii akaliacha hilo. Ni wafanyakazi walioigiza kutoka kazini wakiwa bado kazini, kwa amri ya mwajiri.

Kutoka mhadhara hadi tiketi

Kwa miezi tisa Cinématographe ilibaki mambo ya wataalamu. Juni 1895 akina Lumière waliwapiga picha wajumbe wa mkutano wa vyama vya wapiga picha wakishuka kwenye boti karibu na Lyon, kisha wakawaonyesha wajumbe hao wenyewe. Tarehe 28 Desemba 1895, ndani ya Salon Indien, chumba cha chini cha Grand Café, boulevard des Capucines, Paris, umma ulilipa faranga moja kila mmoja. Waliolipa siku hiyo walikuwa 33. Filamu zilikuwa kumi, na ya kwanza kwenye orodha iliyochapishwa ilikuwa La Sortie de l'usine Lumière à Lyon. Treni inayoingia stesheni, ambayo watu wengi huamini ilikuwamo, haikuwamo.

Kwa hiyo neno la kwanza la kibiashara la sinema, kwenye karatasi aliyopewa mteja wa kwanza, lilikuwa na jina la mtengenezaji. Georges Méliès, mwanamazingaombwe mwenye ukumbi wake, alikuwa miongoni mwa waalikwa. Aliomba kuinunua mashine, akakataliwa, akatafuta nyingine kwingine. Ndani ya miaka michache alikuwa akipiga filamu za matangazo ya bidhaa, kati yake haradali ya Bornibus na chokoleti ya Menier.

Mbegu ilikoangukia

Mwaka 1896 mfanyabiashara wa Uswisi, François-Henri Lavanchy-Clarke, aliyekuwa na haki ya kuonyesha Cinématographe nchini mwake na papo hapo akiwakilisha sabuni ya Sunlight, alihakikisha kwamba katika filamu ya wanawake wakifua nguo kuna makasha ya Sunlight mbele ya kamera, jina likisomeka. Hapo bidhaa imeingia kwenye fremu. Njia hiyo ndiyo iliyotawala matangazo hadi leo, na sioni haja ya kuieleza zaidi. Mtu yeyote mwenye televisheni anaijua.

Njia nyingine iliyotoka Lyon inanivutia zaidi. Waonyeshaji wa filamu waligundua upesi kwamba umati unaotoka kiwandani ni umati wa wateja. Nchini Uingereza, Sagar Mitchell na James Kenyon wa Blackburn waliifanya kuwa biashara tangu mwanzoni mwa karne ya 20. Kamera iliwekwa langoni mchana, wafanyakazi wakatoka, na jioni wakaalikwa kulipa kiingilio wakajione wenyewe. Aliyepigwa picha akawa bidhaa, tangazo na mnunuzi kwa wakati mmoja. Mwaka 1994 negativu zao zaidi ya 800 zilipatikana chini ya duka mjini Blackburn, na filamu za malangoni ni nyingi humo. Tofauti na Lyon ni kubwa. Hapa watu wanaitazama kamera, wanapunga mikono, watoto wanarudi kupita mara ya pili. Hakuna bosi nyuma ya kamera anayewaambia wageukie wapi. Aliyewapiga anataka nyuso, kwa kuwa nyuso ndizo zitakazokata tiketi.

Akina Lumière wenyewe hawakukaa sana kwenye sinema. Baada ya kutuma wapiga picha pande nyingi za dunia na kukusanya filamu zaidi ya 1,400, waliachana na utayarishaji mwanzoni mwa miaka ya 1900, wakarudi kwenye vioo. Mwaka 1907 waliingiza sokoni Autochrome, vioo vya picha za rangi, kile ambacho Louis alitaka hadhira ikithamini siku ya mhadhara. Ukilitazama kama tangazo la kampuni ya vifaa vya picha, mambo yalikwenda walivyotaka: jina lilijulikana duniani, na jina hilo liliuza vioo. Sinema ilichukuliwa na wengine.

Mwaka 1995, miaka mia baada ya onyesho la kwanza, mtengenezaji filamu wa Ujerumani Harun Farocki alikusanya matukio ya watu wakitoka viwandani kutoka sinema za karne nzima na kuyapanga katika filamu ya dakika 36. Hoja yake ni kali: tangu Lyon, kamera imebaki nje ya lango, na sinema imeendelea kuanza hadithi zake pale kazi inapoisha. Nakubaliana naye, na ningeongeza sababu ya Monplaisir. Lango la kwanza lilichaguliwa na wenye mali, mahali pekee ambapo jua liliruhusu picha na ambapo kiwanda kilionekana kizuri. Sinema zilizofuata zilikuwa na taa na ruhusa ya kuingia ndani, zikaendelea kusimama pale pale.

Banda lenyewe lipo. Mtaa uliopita mbele yake sasa unaitwa rue du Premier-Film, na nyuma ya lango lile kuna ukumbi wa sinema wa Institut Lumière. Filamu za akina Lumière ziliingizwa mwaka 2005 katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia ya UNESCO. Wakati wa tamasha la Lumière, linalofanyika Lyon tangu 2009, mtengenezaji filamu mgeni huipiga upya Sortie mahali pale pale, huku waigizaji na wageni mashuhuri wakijifanya wafanyakazi. Martin Scorsese aliifanya mwaka 2015. Inafurahisha kuitazama, lakini inabadili maana: wanaotoka sasa ni watu ambao majina yao yanajulikana kabla hawajachomoza.

Anayetaka kuitumia filamu hii darasani, kwenye somo la sinema au la matangazo, nashauri aanze na nakala ya farasi mmoja, bila maelezo yoyote, na awaulize wanafunzi kiwanda kinatengeneza nini. Hawataweza kujibu, na hapo mjadala unaanza. Kisha aonyeshe ya farasi wawili, halafu isiyo na farasi, na awape kazi ya kuandika kila kilichobadilika kati ya ya kwanza na ya tatu. Mbwa na mwanamke anayevutwa sketi, wanafunzi waachwe wawagundue wenyewe. Zote tatu hazifikii dakika tatu, kwa hiyo muda wa kuzirudia upo.